Mwanangu anaingia darasa la 12 Marekani, fomu ya masomo inarudi Alhamisi: naombeni mawazo

Mama Pangani

Wakuu, habari za humu ndani.

Nipo Houston, mwaka wa kumi na nne huu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Nina watoto wawili. Mdogo yuko darasa la 11, na juzi kaja na fomu ya kuchagua masomo ya darasa la 12, ambao kwa hapa ndio mwaka wa mwisho wa sekondari. Inatakiwa irudi Alhamisi ikiwa na saini ya mzazi. Naleta uzi huu kwa sababu fomu kama hiyo nilishaisaini vibaya mara moja, ya dada yake, na sitaki kurudia.

Ilikuwa hivi. Nimerudi kazini saa kumi na mbili asubuhi, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni, nakuta karatasi mezani karibu na chupa ya chai. Vipindi saba. Kiingereza, Serikali nusu mwaka na Uchumi nusu mwaka, sayansi ya mazingira, uchoraji, kipindi kimoja cha kusaidia ofisini kwa sekretari, halafu viwili vya mwisho vimeandikwa kuondoka mapema. Nikauliza, hisabati iko wapi? Binti akasema, "Mama, krediti nne za hisabati nimeshamaliza. Kaunsela wa masomo kasema natosha." Ni kweli, alianza Aljebra ya kwanza akiwa darasa la 8, kwa hiyo kufika la 11 zilikuwa zimetimia. Nikasaini. Mimi nimekulia Pangani, na kwetu mwalimu akishasema, mzazi haulizi mara ya pili.

Binti alikuwa anaomba uhandisi wa kemikali. Mwezi wa tatu barua zikaanza kurudi: hapana, hapana, hapana. Nilipiga simu ofisi ya udahili ya chuo kimojawapo. Mama aliyepokea alikuwa mpole kabisa. Akaniambia waombaji wengi wa uhandisi mwaka ule walikuwa wanasoma kalkulasi (calculus, hisabati ya juu) wakati wanaomba, na binti yangu mwaka wake wa mwisho hakuwa na hisabati kabisa. Nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini nikashindwa kushuka.

Alikwenda chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, akapimwa, akarudishwa kwenye somo lile lile la kabla ya kalkulasi alilolifaulu darasa la 11, kwa sababu miezi kumi na tano bila hesabu alikuwa ameshasahau. Baadaye alihamia chuo kikuu na anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Lakini ile miezi inaniuma mpaka leo, maana saini ilikuwa yangu.

Tangu hapo nimeuliza watu, nimekaa kwenye vikao vya wazazi, nimesoma. Nilichoelewa ni kwamba hapa kuna vitu viwili tofauti na sisi tunavichanganya. Kuna masomo ya kumaliza sekondari, na kuna masomo ya kushindania chuo. Shule inawajibika na la kwanza. Kaunsela mwenye watoto mia nne akikuambia mtoto anatosha, anasema kweli: anatosha kuvaa joho la kijani na kupiga picha. Hajasema anatosha kuingia uhandisi.

Na kitu cha pili, wakuu, kinachotupiga sisi tuliosoma nyumbani ni tahasusi. Kwetu ukiingia kidato cha tano unachukua PCM au HGL, mengine unayaaga. Hawa hawaendi hivyo. Vyuo vinavyochuja sana vinataka kuona mtoto amebeba Kiingereza, hisabati, sayansi, historia au masomo ya jamii, na lugha ya kigeni, yote matano, mpaka mwaka wa mwisho kadiri inavyowezekana. Hata anayetaka uhandisi. Hata anayetaka sheria.

Sasa kijana wangu. Anataka uhandisi wa umeme. Yuko kwenye hesabu za kabla ya kalkulasi, ana B nzuri inayopanda. Darasani kwao yuko kwenye asilimia 8 ya juu. Kihispania amefika cha tatu. Anapiga ngoma kwenye bendi ya shule tangu darasa la 9. Rasimu yetu (AP ni masomo ya ngazi ya chuo yanayofundishwa sekondari):

AP ya Kalkulasi AB. AP ya Fizikia. AP ya Fasihi ya Kiingereza. AP ya Serikali halafu AP ya Uchumi. Kihispania cha nne. Sayansi ya kompyuta. Bendi.

Kaunsela anasema bendi atoe aweke AP ya Sayansi ya Mazingira, kwa sababu bendi haina uzito kwenye GPA (wastani wa alama, ambapo masomo magumu huongezewa pointi), inamshusha. Kijana hali chakula tangu aambiwe. Na fizikia wamempangia ya kawaida, si AP. Naombeni mnisaidie kufikiri. Siku nne zimebaki.

Chaki Nyeupe

Dada, pole na hongera kwa kulileta. Mimi nafundisha hisabati sekondari hapa hapa Texas, mwaka wa tisa. Nitajibu la bendi kwanza kwa sababu naona limefika mezani mpaka kwenye sahani.

Sheria ya Texas ya mwaka 1997 inawapa nafasi ya moja kwa moja kwenye vyuo vikuu vya umma wanafunzi walio kwenye asilimia 10 ya juu ya shule zao. UT Austin (Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin) peke yake ndiyo ina kiwango chake kidogo zaidi, na kuanzia wanaoingia vuli ya 2026 wameshusha mpaka asilimia 5. Ndiyo maana makaunsela wa jimbo hili wanahesabu uzito wa GPA kama muuza dhahabu. Lakini tazama kalenda. Nafasi ya darasani inayokwenda kwenye maombi ya chuo ni ile ya mwisho wa darasa la 11. Maombi yanafungwa Oktoba, Novemba, Desemba. Bendi ya darasa la 12 haiwezi kugusa namba ambayo ilishatumwa. Ile hesabu ya uzito iliyokuwa na maana kwa miaka yote mitatu iliyopita, kwa mwaka wa mwisho imekwisha nguvu.

Kwa hiyo mwaka wa 12 usiulize "somo hili litapandisha GPA?" Uliza "anayesoma faili ataona nini?" Naye anaona orodha ya masomo yanayoendelea, kwa sababu Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi, inamtaka mtoto ayaandike yote ya mwaka huo, hata kabla hajapata alama hata moja. Kisha kaunsela anajaza ripoti ya shule, na ndani yake kuna swali: ukilinganisha na wenzake hapo shuleni, mpango wa masomo wa mtoto huyu ni mgumu kiasi gani? Kuna ngazi kadhaa, ya juu kabisa ni "mgumu kuliko yote". Kisanduku hicho kimoja kina uzito kuliko mzazi anavyodhani, na wazazi wengi hawajui kama kipo. Mwulize kaunsela wako waziwazi: kwa rasimu hii, utatia alama wapi? Ana haki ya kutokukuahidi, lakini swali lenyewe litamfanya aitazame rasimu kwa jicho jingine.

Miaka minne ya bendi inaonyesha mtoto anayedumu na kitu. Kuiacha mwaka wa mwisho ili apate sayansi ya mazingira, somo ambalo halihusiani na umeme, naona ni hasara. Bendi ibaki.

Fizikia sasa. Hapo usikubali kirahisi. Anayetaka uhandisi, fizikia na kalkulasi ndiyo mikono yake miwili. Wilaya nyingi zina fomu ya mzazi kuomba mtoto apandishwe ngazi hata kama mwalimu hakumpendekeza. Iombe kwa jina. Tena kaonane na mwalimu wake wa sasa wa hisabati, umwulize kama B ile inatokana na kutokuelewa au kutokukusanya kazi za nyumbani. Ni magonjwa mawili tofauti.

Mzee Kibuyu

Nimesoma mpaka mwisho. Mama Pangani, nakuheshimu, lakini naomba niseme lililo moyoni. AP nne au tano kwa mkupuo, bendi, maombi ya vyuo, insha, mtihani wa SAT wa kuombea vyuo. Huyu ni mtoto wa miaka kumi na saba. Mimi nipo Maryland tangu mwaka 1998. Nimeona mtoto wa rafiki yangu aliyesomeshwa namna hiyo akaanguka Novemba, akawa haamki kitandani, mwaka ukaharibika wote. Na binti yako mwenyewe umesema alipita chuo cha jamii na sasa yuko vizuri. Sasa tatizo liko wapi? Chuo cha jamii ni nafuu, ukihamia miaka miwili baadaye cheti ni kile kile. Harvard wanachukua kama watu wanne tu kati ya kila mia wanaoomba. Kwa nini tuwachome watoto kwa ajili ya bahati nasibu?

Mama Pangani

Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia, na la mtoto wa rafiki yako limenigusa. Sitafuti Harvard. Natafuta chuo cha uhandisi cha jimbo, ambacho nacho siku hizi kinachuja. Na chuo cha jamii sikidharau, kimeniokolea mtoto. Ila binti hakukichagua, alisukumwa huko na karatasi niliyosaini nimechoka. Nataka huyu mdogo akienda huko aende kwa mipango yake.

Mzee Kibuyu

Marahaba. Hapo tumeelewana. Basi angalau hesabu saa. Kaa naye mpige: kila AP saa ngapi za usiku, bendi inamaliza saa ngapi, analala saa ngapi. Mkiona usingizi unashuka chini ya saa saba, moja litoke.

Nyota ya Jaha

Hamjambo nyote. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Minnesota. Niongezee upande ambao haujaguswa: masomo ya chuo yanayosomwa mtoto akiwa bado shule ya upili. Huku kwetu mpango huo unaitwa PSEO, ulianza mwaka 1985, na serikali ya jimbo inalipa karo na vitabu. Kifungua mimba wangu alisoma mwaka wote wa 12 chuoni. Alimaliza shule ya upili akiwa na mwaka mzima wa chuo mkononi, bila deni.

Uzuri wake wazazi wengi mnaujua. Ubaya wake niliujua nikiwa nimechelewa. Alama zile si za shule ya upili, ni za chuo, na zinamfuata mtoto maisha. Wangu alipata C katika kemia muhula wa kwanza kwa sababu hakuna aliyemkumbusha kazi, mhadhiri hapigii mzazi simu. Miaka minne baadaye anaomba shule ya udaktari, fomu ya maombi inataka kila somo la chuo alilowahi kusoma, hata lile la akiwa na miaka kumi na saba. C ile ipo pale. Kwa hiyo wazazi wa Texas, nanyi mna masomo ya namna hiyo, na familia zenye kipato kidogo siku hizi zinasomeshwa bure kupitia mpango wa jimbo. Chukueni, lakini kwa mtoto anayejisimamia.

Kingine, vyuo vya umma vya jimbo lenu vinapokea krediti hizo vizuri. Vyuo vya binafsi vinavyochuja sana mara nyingi havizipokei, au vinapokea kidogo. Dartmouth kwa mfano hata AP hawatoi krediti. Ulizeni kabla.

Chaki Nyeupe

Nyota umesema kweli tupu. Naomba niongeze kuhusu mtihani wa AP kwa sababu kila mwaka nauona unawachanganya wazazi. Mtihani unafanywa Mei, matokeo yanatoka Julai. Majibu ya vyuo yanatoka kabla, na mtoto anathibitisha chuo mwanzoni mwa Mei. Maana yake alama ya mtihani wa AP ya darasa la 12 haisaidii kuingia chuo. Kinachosaidia kuingia ni kuwepo darasani na alama za muhula wa kwanza, ambazo kaunsela anazituma Januari au Februari. Mtihani wa Mei unasaidia kupunguza masomo ya kulipia baadaye. Kwa vyuo vya umma vya Texas, alama ya 3 kati ya 5 kwa kawaida inatosha kupata krediti. Kwa familia inayohesabu dola, ada ya mtihani ya karibu dola 100 ni ndogo ukilinganisha na somo zima la chuo. Kuna punguzo kwa wenye kipato kidogo, ombeni mapema.

Na msidhani baada ya barua ya kukubaliwa mambo yamekwisha. Juni inatumwa ripoti ya mwisho. Mwanafunzi wangu mmoja alikubaliwa, akaacha kufanya kazi Machi, akateremka mpaka D mbili. Chuo kikamwandikia kumtaka ajieleze. Alilia kwenye meza yangu. Walimhurumia, lakini wapo wanaonyang'anywa nafasi kabisa. Ukibadilisha somo katikati ya mwaka, ukaacha lile uliloandika kwenye maombi, unatakiwa uwaarifu wewe mwenyewe.

Kinda la Mbuni

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, mwaka wa pili, nimesoma sekondari California. Naomba niseme kidogo kwa niaba ya watoto.

Kwetu mfumo wa University of California haufanani na wa Texas. Wao hawatazami SAT kabisa. Wana orodha ya masomo 15 ya lazima, na 11 kati ya hayo uwe umemaliza kabla ya mwaka wa mwisho. GPA wanayohesabu ni ya darasa la 10 na la 11. Nilipojua hivyo nikadhani la 12 halina kazi, nikataka kuacha kemia. Dada yangu akanikatalia, na nashukuru, kwa sababu wanaona masomo ya la 12 kwenye fomu, na nafasi wanayokupa ina masharti kwamba uyamalize vizuri.

Ninachotaka kuwaomba wazazi ni hiki. Mimi nilichukua AP tano mwaka wa mwisho na nilizimudu, lakini insha zangu ziliandikwa saa nane usiku. Vyuo nilivyoomba vilikuwa tisa, vingine vinataka insha tatu au nne kila kimoja. Hakuna anayekuambia kwamba kuanzia Agosti mpaka Desemba maombi yenyewe ni somo la nane. Mama Pangani, kama kijana ana vipindi saba, tafadhali mhesabie hilo. Insha kuu ya Common App maswali yake yanajulikana mapema na fomu inafunguliwa Agosti mosi. Aiandike kiangazi.

Na barua za walimu aziombe sasa, Mei, kabla shule hazijafungwa. Mwalimu wa fizikia wa mwaka wa 12 atakuwa hajamjua. Mwalimu wa mwaka huu ndiye mwenye cha kusema.

Nyumbani nilikuwa natafsiri barua za shule kwa mama yangu tangu darasa la 5. Kuona mzazi anakaa anauliza hivi, moyo wangu umefurahi sana.

Mama Pangani

Marahaba mwanangu. Umeniliza. Hilo la somo la nane sikulijua, na nimelichukua.

Bukavu Yetu

Bandugu, jambo yenu. Muniwie radhi, Kiswahili yangu ni ya Kivu. Ninafuata uzi huu tangu jana na ninaona nyinyi munaongea mambo ya juu, AP na kalkulasi. Mutoto wangu ana miaka kumi na saba, tulifika Kentucky miaka miwili iliyopita tukitokea kambi ya Nyarugusu. Kule alisoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa, na hesabu alikuwa wa pili darasani. Hapa wamemutia darasa la Kiingereza cha wageni vipindi viwili, na Aljebra ya kwanza, kitu alichosoma zamani. Anarudi nyumbani analala. Ananiambia, papa, hawaniulizi kitu ambacho sijui. Mwaka ujao ni wa mwisho wake. Je, kwake mambo haya yamekwisha?

Chaki Nyeupe

Ndugu yangu wa Bukavu, hayajaisha, na nashukuru umeandika. Naomba wote tusome hili vizuri kwa sababu liko kwenye familia zetu nyingi kuliko AP.

Kiingereza ni lugha. Hesabu ni kitu kingine. Shule haitakiwi kumshusha mtoto hesabu kwa sababu Kiingereza chake bado. Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua mwaka 1974, kesi ya Lau, kwamba kumweka mtoto darasani bila kumsaidia lugha ni kumnyima elimu. Na wewe mzazi una haki ya kuelezwa mambo ya shule kwa lugha unayoielewa. Omba kikao na kaunsela, na uombe mkalimani wa Kiswahili, shule ndiyo inalipa. Usimtumie mtoto kutafsiri kikao kinachomhusu yeye.

Ukiingia, omba mambo matatu. Apimwe hesabu kwa mtihani wa kuruka ngazi, ikiwezekana kwa maandishi mengi ya namba na machache ya maneno. Aruhusiwe kusoma jiometri kiangazi ili mwaka ujao awe Aljebra ya pili au zaidi. Na la tatu ulibebe kwa nguvu: Kifaransa. Mtoto aliyesoma miaka yote kwa Kifaransa anaweza kuingia moja kwa moja AP ya Lugha na Utamaduni wa Kifaransa. Wenzake waliozaliwa hapa wanalitolea jasho somo hilo. Kama shule haina, uliza kama wilaya inaruhusu kwa mtandao.

Nyota ya Jaha

Na Kiswahili chenyewe! Majimbo mengi yana muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye cheti cha kumaliza shule, California ndiyo ilianza mwaka 2011. Kiswahili kina mtihani wa kupima umahiri unaotambulika. Wangu wa pili aliufanya, na hapa Minnesota vyuo vya umma vya jimbo vinampa mtoto krediti za lugha kwa muhuri huo. Lugha aliyoisikia jikoni kwa nyanya yake imeandikwa kwenye cheti. Tuwaulize makaunsela, wengi hawajawahi kuombwa.

Kwa kipato, ndugu yangu, tazama pia QuestBridge. Ni mpango unaowaunganisha wanafunzi bora wa familia zenye kipato kidogo na vyuo vikubwa vinavyolipa kila kitu. Anayesoma sekondari ndani ya Marekani anaruhusiwa kuomba, awe raia au asiwe. Maombi yao hufungwa mwishoni mwa Septemba, mapema kuliko mengine, na huko nako wanatazama alichosoma kulingana na alichopewa nafasi ya kusoma. Chuo kinapelekewa wasifu wa shule unaoonyesha masomo yapi yalikuwepo. Hakuna anayemlaumu mtoto kwa AP ambayo shule yake haifundishi.

Bukavu Yetu

Asanti sana. Nitaomba kikao. Sikujua kama mkalimani ni haki, nilifikiri ni huruma.

Mzee Kibuyu

Ndugu wa Bukavu, nenda umevaa vizuri na uwe na daftari. Andika jina la kila unayeongea naye na tarehe. Ukitoka, watumie barua pepe ya kushukuru ukirudia mliyokubaliana. Nimeishi na ofisi za nchi hii muda mrefu, kisichoandikwa hakikusemwa.

Mama Pangani

Mrejesho, wakuu. Fomu imeenda leo asubuhi.

Jana nimebadilishana zamu nikaenda shule mwenyewe. Kwanza nilimwona mwalimu wa hisabati. Kafungua kompyuta, kanionyesha: mitihani yote ya kijana ni 90 na kwenda juu, kinachomvuta ni kazi za nyumbani kumi na moja ambazo hazikukusanywa. Nikakumbuka la Chaki Nyeupe la magonjwa mawili. Kijana alikuwepo, akainamisha kichwa. Mwalimu akasema, "Kalkulasi ataiweza, lakini kalkulasi haitamsubiri." Amekubali pia kumwandikia barua.

Kwa kaunsela niliuliza lile swali la kisanduku. Alinyamaza kidogo, akaitazama rasimu tena, akasema kwa mpango huu angemweka kwenye "mgumu sana", na kama fizikia ni AP angefikiria cha juu yake. Nikaomba fomu ya kupandisha ngazi. Ilikuwepo kwenye droo yake, karatasi ya bluu, nimeisaini palepale. Safari hii niliisoma mistari yote kabla.

Usiku tulikaa na kijana tukapiga hesabu ya Mzee Kibuyu. Tuligundua msimu wa bendi unamrudisha nyumbani saa mbili usiku siku tatu za wiki mpaka Novemba, na Novemba ndiyo maombi yanafungwa. Kitu kimoja ilibidi kitoke. Mimi nilisema kompyuta. Yeye akasema hapana, kompyuta inakwenda na umeme, afadhali AP ya Serikali na Uchumi yageuzwe kuwa ya kawaida. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho nimemwachia, kwa sababu sababu zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Hata baada ya kutoa hizo bado masomo matano ya msingi yamekamilika, na yale magumu yapo upande anaokwenda.

Kwa hiyo: AP ya Kalkulasi AB, AP ya Fizikia, AP ya Fasihi, Serikali na Uchumi vya kawaida, Kihispania cha nne, sayansi ya kompyuta, bendi. Dada yake kampigia simu ya video wakapitia pamoja, akamwahidi kumfundisha fizikia Jumapili. Kijana amekula.

Bado nasubiri jibu la fizikia. Chaki Nyeupe, wakikataa naanzia wapi?

Chaki Nyeupe

Mwalimu mkuu msaidizi anayesimamia masomo, kwa maandishi, ukiambatanisha alama zile za mitihani. Wakikataa tena, sayansi yake iwe fizikia ya kawaida na aongeze masomo ya bure ya mtandaoni kiangazi. Lakini sidhani mtafika huko. Na zile kazi kumi na moja azikusanye hata kwa nusu alama, muhula haujafungwa, na hiyo ndiyo GPA inayotumwa.

Mama Pangani

Saba zimeshakwenda. Nne ziko mezani sasa hivi.

Bukavu Yetu

Bandugu, na mimi niko na habari. Kikao kilikuwa jana. Mkalimani alikuwa mama wa Uvira, kwa simu. Walimupima mutoto hesabu saa moja na nusu. Alimaliza mbele ya wakati. Wamemutoa Aljebra ya kwanza, jiometri atafanya kiangazi, na mwaka ujao Aljebra ya pili. Kifaransa ya AP wamekubali kwa mtandao. Kipindi kimoja cha Kiingereza cha wageni kimebaki, na yeye mwenyewe anakitaka.

Leo ameamuka mbele ya saa. Anasema walimu wanataka kikokotoo cha grafu, na ni bei ya dola zaidi ya mia. Kama kuna mwenye cha zamani ambacho mutoto wake amemaliza, ninaomba.

Nyota ya Jaha

Ninacho. Cha kifungua mimba wangu, kifuniko kimekwaruzika lakini kinafanya kazi. Niandikie kwa faragha anwani yako, nakipeleka posta kesho.